Tanzanite haitoki ardhini ikiwa bluu
Jamani wengi mnadhani tanzanite inachimbwa ikiwa bluu vile vile mnavyoiona kwenye pete, sio kweli. Mawe mengi yanayotoka Mererani, kule Simanjiro, ni ya kahawia, ukiliokota bila kujua unaweza ukalitupa, mpaka lichomwe kwa joto la kama nyuzi 500 ndo ule ukahawia unaondoka inabaki bluu na zambarau. Na hapo msiseme ni feki! Bluu inatokana na madini ya vanadiamu yaliyomo humo humo ndani ya jiwe, hakuna aliyepaka rangi, na haififii. Yapo yanayotoka yakiwa bluu tayari ila machache sana. Wanaapolo, yaani wachimbaji wenyewe wanaoyafuata chini, wanatoka mgodini weusi tii kwa vumbi la kinywe (grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli), unaona macho na meno tu.