Vitamini D haimo ndani ya jua

Juzi kwenye harusi moja Leicester, Uingereza, nimeisikia tena: “Kaa hapa dirishani mwanangu, uote jua upate vitamini D.” Ilikuwa Januari, saa saba mchana. Bibi kajitanda shali, jua limepenya kioo mpaka kwenye sahani yake ya pilau. Nikaitikia “haya bibi”, nikakaa. Mkubwa hakosolewi mbele ya watu.

Kwa ufupi, vitamini D ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Ikipungua sana, mifupa ya mtoto hulainika na miguu ikapinda matege. Mtu mzima huumwa mifupa na kuishiwa nguvu za misuli. Basi.

Kilichotuvuruga ni jina. Mwaka 1912 Casimir Funk, mkemia mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, aliunga “vita”, yaani uhai kwa Kilatini, na “amine”, akidhani vitu hivi vyote ni vya jamii hiyo ya kemikali. Sivyo. Ndiyo maana mwaka 1920 mkemia Mwingereza Jack Drummond akapendekeza ile “e” ya mwisho ikatwe, na vitu vyenyewe viitwe kwa herufi tu. Mwaka 1922, huko Marekani, mtafiti wa lishe Elmer McCollum aliyapasha moto mafuta ya ini la samaki huku akiyapitishia hewa hadi vitamini A ikafa, na bado yakaponya matege. Kumbe mlikuwa na kitu cha pili. A, B na C zilishachukuliwa, kikapewa D. Lakini vitamini hasa ni kitu ambacho mwili hauna budi kukipata kwa chakula. Hii D mwili huiunda wenyewe, ikapita kwenye ini, ikapita kwenye figo, ndipo ianze kazi. Kwa tabia ni homoni. Jina limeshazoeleka, tuliache.

Ninalogombana nalo ni hili la “jua lina vitamini D”. Jua halina vitamini, kama moto wa jiko usivyo na ugali ndani yake. Unga uko kwenye ngozi, ni ndugu wa kolesteroli, na unaopika ni mwali mmoja tu wa jua: urujuanimno aina ya B (UVB). (Na neno hili urujuani wapo wanaodhani lina “jua” ndani. Halina, ni Kiarabu, rangi ya zambarau.) Mwali huo hauonekani, hauna joto la kuhisi, na kioo cha dirisha huuzuia karibu wote. Hapa Kiswahili kinatuponza: tunaota jua kama tunavyoota moto, kitenzi kilekile, kwa hiyo mgongo ukipata joto tunadhani kazi imekwisha.

Hata bibi angetoka nje siku ile, asingepata kitu. Watu wa pwani tunajua kusoma kivuli: kikikaribia kulingana na kimo chako, alasiri hiyo. Sasa simama London mwishoni mwa Desemba, adhuhuri kamili, kivuli chako ni karibu mara nne yako. Jua liko chini mno, miale inakata hewa kimshazari, na ozoni, ile gesi iliyo juu angani, inaumeza mwali ule kabla haujatufikia. Mwanga upo, macho unayaumiza kabisa, lakini mpishi hayumo. Na sisi weusi melanini yetu, yaani rangi ya ngozi, huuchuja mwali huohuo, hivyo hata wakati wa kiangazi tunahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mzungu.

Ndiyo maana NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, inashauri mikrogramu 10 kwa siku, zile zinazoandikwa yuniti 400 kwenye kopo, majira ya baridi kwa kila mtu, na mwaka mzima kwa mwenye ngozi nyeusi au anayejifunika. Mtu mzima asipite mikrogramu 100 kwa siku, maana D ikizidi mno kalsiamu hujaa kwenye damu ikaharibu figo. Vibua, sadini na kiini cha yai vinasaidia, ila havitoshi peke yake.

Kwa hiyo bibi yangu, dirishani endelea kukaa, pana raha yake. Ila tuseme jua hupika vitamini D, na kwa Uingereza jiko hilo huzimwa Oktoba likawashwa tena Machi ikiisha. Kidonge kimeze na hiyo pilau, maana kinahitaji mafuta.