Si Kila Anayesoma Kichina Anasoma Cheti cha Gari Lako: Ufafanuzi Kuhusu Herufi 車

Miezi ya karibuni dawati letu la tafsiri limepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kuhusu vyeti vya magari yaliyotumika kutoka Japani. Karibu yote yanafanana. Mwananchi ana tafsiri aliyoipata mtaani, wakala wa forodha ameikataa, gari linalala bandarini na gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Tukiuliza nani alitafsiri, jibu ni lile lile: "Kuna kijana hapo jirani, amesoma China." Tunaiheshimu elimu ya kijana huyo. Lakini cheti ni cha Kijapani.

Tuianze na herufi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowapa watu ujasiri usio na msingi: 車. Maana yake gari, na hapo Mchina, Mjapani na Mkorea hawana ugomvi. Asili yake ni mchoro wa gari la kukokotwa na farasi likitazamwa kutoka juu. Mstari mrefu wa wima ni ekseli, mistari miwili ya juu na chini ni magurudumu, kisanduku cha katikati ni bodi. Mifano ya kale zaidi tunayoijua imechongwa kwenye mifupa na magamba ya kobe yaliyotumika kupigia ramli huko Anyang, katika mkoa wa Henan, zama za wafalme wa Shang, yapata miaka 1200 kabla ya Kristo. Humo magurudumu bado ni ya duara na unaweza kuyahesabu. Kuna mfupa mmoja wa wakati wa mfalme Wu Ding unaosimulia ajali: mfalme alitoka kuwinda, gari likapata matatizo, mtu wa ukoo wa kifalme akaanguka. Mwandishi hakutumia alama ya kawaida ya gari. Alilichora likiwa limeharibika. Sisi watu wa makaratasi tunampenda sana mwandishi yule. Angalau alieleza hali ya chombo kama ilivyokuwa.

Kutoka China herufi hii ilikwenda Korea, Japani na Vietnam pamoja na vitabu na maandishi ya serikali, na kila nchi ikaipa sauti yake. Wachina wa Beijing huitamka che, lakini kwenye sataranji yao kete yenye herufi hiyo hutamkwa ju. Wajapani wana mbili: sha, waliyoichukua China, na kuruma, neno lao la asili. Wakorea husema cha kwenye jadongcha, yaani gari, kisha wakifika kwenye baiskeli herufi ile ile inageuka geo: jajeongeo. Ni jina la ukoo pia. Wapenzi wa soka wa zamani wanamkumbuka Cha Bum-kun aliyecheza Ujerumani. Vietnam, ambako leo wanaandika kwa herufi za Kilatini, neno la kila siku ni xe. Hata "sha" ya mwisho katika riksha ni herufi hii. Neno lenyewe ni la Kijapani, jinrikisha, gari la nguvu za mtu.

Sasa matatizo. Herufi ikikaa peke yake haina shida. Ikiunganishwa na nyingine, kila nchi ina mambo yake. 汽車 ni herufi mbili, mvuke na gari. Mswahili aliyezoea kusema garimoshi angebashiri kuwa ni treni, na kwa Kijapani angepatia: huko neno hilo, linalotamkwa "kisha", ni treni ya mvuke. Kwa Kichina neno hilo hilo ni motokaa ya kawaida, hata kama inatumia umeme na haijawahi kuona mvuke. Treni kwa Kichina ni 火車, gari la moto. Mjapani akiyaona maneno hayo, anafikiria gari la moto la kwenye hadithi za kutisha linalokuja kuchukua maiti za waovu. 電車, gari la umeme, ni treni ya abiria Tokyo, ila Beijing si treni. Na 単車 ni pikipiki kwa Mjapani, ilhali Mchina (anayeiandika 单车) anaitumia kwa baiskeli. Fikiria mzigo wa pikipiki uandikwe baiskeli kwenye nyaraka za forodha, halafu uje kwetu useme tumekuchelewesha.

Kwenye cheti chenyewe cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, sehemu inayoleta kesi nyingi ni 車名. Neno kwa neno ni "jina la gari". Watu wanatarajia kuona Harrier au Vitz, wanakuta Toyota, wanapiga kelele kuwa muuzaji kawadanganya. Hakuna aliyedanganywa. Sehemu hiyo huandikwa chapa ya mtengenezaji. Aina ya gari hutambuliwa kwa msimbo ulio kwenye 型式. Namba ya chesisi ni 車台番号. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi, pamoja na kistari chake. 車両重量 ni uzito wa gari tupu, 車両総重量 ni uzito wa gari pamoja na abiria na mzigo. Tofauti ni herufi moja tu, 総, yaani jumla.

Kisha miaka. Mteja mmoja alikuja amefura kwa hasira kwa sababu msomaji wake wa mtaani alimwambia gari lina miaka 30. Kwenye cheti paliandikwa 平成30年. Heisei ni jina la enzi ya mfalme wa Japani, na 年 ni mwaka, kwa hiyo huo ni mwaka wa 30 wa enzi hiyo, yaani 2018. Kanuni ni hii: mwaka wa Heisei ongeza 1988, mwaka wa Reiwa, enzi iliyoanza tarehe 1 Mei 2019, ongeza 2018. Kwa hiyo Reiwa 2 ni 2020. Aidha, tarehe iliyo kwenye 初度登録年月 ni ya usajili wa kwanza nchini Japani, si ya kutoka kiwandani. Kwa wanaopeleka gari Kenya, ambako kuna ukomo wa miaka 8, tarehe hiyo ndiyo inayoamua.

Kuhusu utaratibu. Leta cheti halisi pamoja na nakala moja inayosomeka. Picha ya simu haikubaliki, hata ikiwa safi. Usiandike chochote juu ya cheti, hata kwa penseli, hata kama ni tafsiri ya kukusaidia wewe mwenyewe. Cheti kilichoandikwa juu kinarudishwa na foleni unaanza upya. Tafsiri ikishagongwa mhuri hairekebishwi kwa kalamu. Ukiona kosa, rudisha nakala zote ulizopewa, jaza fomu ya marekebisho, na nakala za zamani zitabatilishwa mbele yako. Ukibaki na moja ukaitumia, hilo si suala la tafsiri tena. Kubadili mwaka au namba ya chesisi kwenye hati iliyothibitishwa ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai. Dawati linalazimika kutoa taarifa. Halina hiari, na kuomba kwa upole hakubadilishi jambo.

Ili usipange foleni isiyo yako, itazame karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Ukiona gari limeandikwa 车, hiyo ni China bara, ambako herufi ilifupishwa katika miaka ya 1950. Ikiwa ni 車, inaweza kuwa Japani, Taiwan au Hong Kong. Basi tafuta katikati ya herufi hizo nzito kialama chepesi cha mviringo, の. Kwenye cheti cha Japani kipo kwenye sehemu ya injini, 原動機の型式. Ukikiona, nenda dirisha la Kijapani.