Pori la mjini ndani ya nyuzi 360

Kamera ya kawaida hukubali kukufichia mji. Ukiisogeza kidogo, barabara inatoka kwenye fremu. Ukiinamisha lenzi, maghorofa yanakatika, na kijisehemu cha nyasi kinageuka mbuga. Kwenye filamu ya nyuzi 360 ujanja huo haupo. Mtazamaji aliyevaa miwani ya uhalisia pepe akigeuza shingo anaona kila kitu: ukuta, nguzo za umeme, pipa la taka. Wenzangu wengi katika filamu za makala huiona hiyo ni kero. Kwangu, ndiyo sababu ya kuitumia teknolojia hii kusimulia jinsi uoto wa asili unavyorudi mjini. Mambo yote yako mpakani, pale majani yanapokutana na zege, na hapo ndipo ninapoisimamisha kamera.

Chukua Natur-Park Südgelände jijini Berlin. Palikuwa yadi ya kupangia mabehewa ya treni. Shughuli nyingi zilikoma mwaka 1952, miti ikajiotea kati ya reli, na ulipokuja mpango wa kujenga yadi mpya wakazi wakaupinga. Mwaka 2000 eneo hilo likafunguliwa kwa umma likiwa hifadhi. Reli bado zipo. Kamera ikikaa juu ya reli, mtazamaji ana shina la mti mbele yake na chuma mgongoni, wala hahitaji msimulizi wa kumweleza kilichotangulia. (Wasimulizi wenye sauti nzito ningewapunguza hata kwenye filamu za kawaida.)

Bishan-Ang Mo Kio Park, Singapore, inataka mbinu nyingine. Pale mfereji wa zege wa kilomita 2.7 ulivunjwa, na Mto Kallang ukarudishiwa mapindi yake kwa takriban kilomita 3.2, kazi ilikamilika mwaka 2012. Kingo ni pana makusudi, ili mvua kubwa ikinyesha maji yatandae bustanini. Hilo huwezi kulionyesha kwa kurekodi mara moja. Rekodi mto ukiwa umepungua, kisha urudi mvua ikishapita na eneo likiwa salama. Weka alama ardhini, andika urefu wa tripodi, na uelekeze lenzi ya mbele upande uleule. Kamera ikipotoka kidogo tu, kwenye mpito wa picha mtazamaji ataona dunia imeyumba badala ya kuona maji yamepanda.

Halafu kuna suala la ndege, ambalo huwavunja moyo wengi. Video ya 8K ina pikseli 7,680 kuzunguka duara zima. Jicho ndani ya miwani huona karibu robo ya duara kwa wakati mmoja, yaani pikseli zipatazo 1,920. Ndege aliye mita 20 kutoka kwenye kamera anabaki kuwa nukta. Kwa hiyo ndege waachie masikio ya mtazamaji. Maikrofoni ya ambisoniki, yaani ya kunasa sauti pamoja na upande inakotoka, ya daraja la kwanza (lililo rahisi zaidi) hurekodi chaneli nne: moja inachukua sauti ya pande zote, na tatu zinabeba mwelekeo, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Mtazamaji akigeuka, mlio unabaki kwenye tawi lake. Mlio huohuo ndio unaomwongoza pa kutazama, basi utangulie kidogo kabla ya tukio lenyewe, ili apate muda wa kugeuka.

Mngurumo wa magari usiufute wote. Utafiti uliofanyika Leiden, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ndege wadogo wa spishi ya Parus major wanaoishi penye kelele nyingi huimba nyimbo ambazo hata noti zake za chini kabisa ziko juu kuliko zile za wenzao wa penye utulivu. Ukiyaondoa magari, umeondoa sababu ya wimbo kuwa juu hivyo.

Wadudu na maua huvutia kamera chini, karibu na udongo. Hapo jihadhari na mshono, yaani mstari ambapo picha za lenzi mbili za kamera zinaunganishwa. Lenzi mbili haziwezi kukaa sehemu moja, hivyo kitu kilicho karibu sana kikiangukia kwenye mshono hukatika vipande viwili. Jani la karibu lielekee katikati ya lenzi.

Kwenye bustani za jamii ugumu ni wa watu. Hakuna nyuma ya kamera, kwa hiyo mtu yeyote anayepita amerekodiwa, watoto wakiwemo. Bango liwekwe langoni mapema, ridhaa ziombwe kabla ya kuwasha kamera, na kona moja iachwe bila kurekodiwa kwa asiyetaka kuonekana. Anayehojiwa ninamwacha aendelee kupalilia au kuchambua mbegu, mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kamera, akiwa na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Sisi wapiga picha tunajificha au tunaondoka kabisa, na mara nyingi mazungumzo huanza kunoga tukishaondoka.

Kamera yenyewe ibaki imetulia. Macho yakiona mwendo ambao mwili hauusikii, kichefuchefu hakiko mbali.