Perege ni wa wavu, kambare ni wa ndoana

Ukiwasikiliza wanunuzi wa Mbuyuni, Moshi, katika Bwawa la Nyumba ya Mungu kuna perege tu, na mgonzo, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, ni chombo cha baharini. Yote mawili si kweli. Bwawa hilo la miaka ya 1960, linalopokea maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, lina kambare pia, na kambare ndiye mwenyewe wa ndoana. Perege anakula zaidi mwani na vijimea vya majini, ndiyo maana wengi hunaswa kwa nyavu.

“Ndoana haichagui.” Hii ndiyo inayonichosha, maana inachagua sana. Mzee mmoja mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, alinionyesha mgonzo wake: ndoana zimechomekwa moja moja kwenye ukingo wa dumu lililokatwa, kamba imezungushwa katikati isijisokote. Hakuwa na samaki hata mmoja, lakini windo lake lilishajulikana. Ndoana pana, chambo vipande vya samaki vyenye harufu kali, mawe ya kuzamisha kamba hadi topeni. Na anaitega jua likizama, anaitegua alfajiri. Kambare hutafuta chakula usiku, chini, kwa sharubu na kunusa. (Wako wanaotumia hata kipande cha sabuni ya mche, na kambare anameza!)

Namba za ndoana nazo zinapotosha. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 7, si kubwa. Anayejaza daftari la mwalo akipindua hapo, windo la samaki wadogo litasomeka kama la wakubwa.

Halafu kuna kusoma tenga: perege wamejaa, basi alilenga perege. Huenda usiku huohuo mtumbwi ulitega wavu na mgonzo, na samaki wote wakamwagwa pamoja. Uliza kila chombo kilileta nini, kabla hawajachanganywa.

“Kapata wachache, samaki wameisha.” Wachache kwa ndoana ngapi, zilizolala majini saa ngapi? Tuseme mmoja katega ndoana 150 akapata kambare 9, mwenzake ndoana 400 akapata 15, muda uleule. Kwa kila ndoana 100, wa kwanza kapata 6, wa pili hata 4 hawafiki. Sokoni atakayesifiwa ni wa pili.