Puli ndogo si dawa ya gari lililochoka
Kwenye gereji za Nakuru, mwenye Mercedes SLK 230 Kompressor ya miaka ya 1990 huambiwa aweke puli ndogo (gurudumu la mkanda) kwenye supachaja, pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini, gari litapaa. Ushauri huo nusu yake ni kweli, na nusu nyingine huua injini.

Puli ndogo huizungusha supachaja kwa kasi zaidi, hewa ikaongezeka. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, na joto likizidi petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia mlio kama kokoto ndani ya debe. Ukiusikia, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Pistoni hupasuka hivyo. Najua mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo hamu ya kuongeza hewa naielewa.

Lakini anza na kilichochakaa. Fundi azibe mdomo wa hewa, ajaze upepo kidogo kwa kompresa, apake maji ya sabuni kwenye mipira ya kupitishia hewa. Povu likitokota, hapo ndipo nguvu inapovujia. Mkanda wa supachaja uking'aa, unateleza: badilisha. Puli ije baadaye, pamoja na kipoza hewa iingiayo kwenye injini (intercooler) kilicho kisafi, na petroli inayotosha hewa iliyoongezeka.