Nyumba ya Ida, si ya rais

Ukimtajia mtu makumbusho ya wake wa marais, atadhani ni kabati la magauni. Magauni nayapenda, ila mimi kazi yangu ni nyumba kongwe, na swali langu la kwanza huwa moja: hapa palikuwa kwa nani?

Pale Canton, jimbo la Ohio, Marekani, makumbusho hayo yamo ndani ya nyumba kongwe, na jibu lake linanichekesha. Nyumba ile ya matofali ilijengwa 1841 na babu mzaa mama wa Ida Saxton, aliyekuja kuwa mke wa rais, na kwenye 1870 hivi baba yake akaongeza sehemu ya mbele. William McKinley, aliyekuja kuwa rais wa 25, aliishi humo na Ida tangu 1878 hadi 1891, enzi za ubunge wake. Yaani mheshimiwa alikaa ukweni, na chumba chake cha kusomea kilikuwa juu kabisa. Nyumba nyingine, ambayo barazani pake aliwahutubia wafuasi kwenye kampeni ya 1896, ilishabomolewa. Iliyosalia ni ya kina mkewe.

Kabla ya kuolewa 1871, Ida alifanya kazi katika benki ya baba yake, jambo la nadra kwa binti wa tajiri zama hizo. Kisha misiba ikafuatana: 1873 alifiwa na mama na binti mchanga, 1875 akafa binti aliyebaki. Afya ikavunjika, kifafa kikamwandama. Kilipomshika mezani mbele ya wageni, mumewe alimfunika uso kwa kitambaa, maongezi yakaendelea. Kikipita, kitambaa kinaondolewa. Wengine husimulia hayo kama mapenzi matupu. Mimi naona pia ugonjwa usiotakiwa kutajwa. Huku mikono yake haikukaa bure: alifuma ndara za sufu, jozi kwa jozi, zikigawiwa kwa hisani.

Baadaye nyumba iligeuzwa maduka, na ilihitaji ukarabati mkubwa kurudishiwa sura yake. Maktaba ya wake wa marais, ambayo ndiyo makumbusho yenyewe, ilianzishwa 1996, kwa juhudi za Mary Regula, mke wa mbunge. Mwaka 2000 mahali hapo pakawa eneo la kihistoria la taifa. Utafiti hufanyika jengo jirani, lililokuwa benki, la 1895.

Ukifika, usiikimbilie sehemu ya mbele iliyopambwa. Anzia nyuma, kwenye ile ya 1841, aliyoijenga babu.