Simu ya baba inarudi saa 2 usiku

Wazazi wa darasa la pili wakisikia masomo ya mtandaoni, cha kwanza wanaulizia bando. GB ngapi zitatosha? Mimi nawauliza: mchana simu iko na nani?

Swali hilo nilifundishwa na mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia katikati ya Machi hadi Juni 29. Nilirekodi masomo ya kusoma nikayatuma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Mchana kutwa, kimya. Majibu yakaanza kuingia saa 2 usiku, maana simu zilikuwa na wenyewe: hapa Mwanza, Mwaloni Kirumba kwenye dagaa, Igoma kwenye bodaboda. Mtoto wa miaka 7 anafunguliwa somo macho yameshajaa usingizi. Hapo mtandao uwe na kasi usiwe nayo, yote sawa.

Video zangu za dakika 12 nikaziacha. Nikawa natuma sauti ya dakika 2 na picha ya ukurasa mmoja. Sauti hailambi bando, na mtoto anairudia hata mara tano bila kuona haya. (Mvua ikipiga bati, subiri ikatike.)

Ila kilichowatofautisha watoto hasa ni mtu aliyekaa nao. Umri huu mtoto hajajua kujisimamia. Somo likiisha, katuni inajileta yenyewe, basi tena. Binti mmoja wa Mabatini alikuwa akikaa na bibi yake asiyejua kusoma. Bibi anashika simu, anauliza tu: "Mwalimu kasemaje? Hebu nisomee." Mjukuu anasoma kwa Kiswahili, anamweleza kwa Kisukuma. Shule zilipofunguliwa alikuwa anasoma aya nzima bila kukwama. Mwenzake mwenye tableti yake mwenyewe alikuwa hodari wa kubofya majibu kwa kubahatisha. Penseli aliishika kama mwiko.

Na kwenye zile KKK tatu (kusoma, kuandika, kuhesabu), kuandika ndiko kunakonigombanisha na skrini mpaka leo. Kuibofya herufi "m" ni rahisi. Kuiandika, mkono lazima ujue unaanzia wapi, unapinda wapi, unarudi vipi juu. Kwa hiyo kila kazi ya likizo ninayotuma siku hizi inaishia kwenye daftari, mzazi ananitumia picha. Juzi nimepokea 11. Moja ina alama ya kidole chenye mchuzi, nyingine imepigwa kichwa chini miguu juu, na "m" zote zimekaa kwenye mstari.